Bomba linaishia Chongoleani, shahada ya petroli inaanzia wapi?

Asubuhi za Julai hapa Tanga chupa ya mafuta ya nazi huamka na weupe chini. Dada yangu huitoa dirishani akaiweka kibarazani juani, na kabla chai haijaisha mafuta yamesharudi kuwa maji. Chupa hiyohiyo ukiipandisha Lushoto mwezi huo utaikuta imeganda mpaka shingoni, itakubidi uichovye kwenye maji ya moto ndipo upate ya kujipaka. Chupa hiyo ndiyo iliyonisaidia juzi kumweleza mpwa wangu jambo ambalo maneno matupu yalikuwa yameshindwa.

Kijana kamaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, matokeo yake mazuri. Alikuwa kibarazani na simu anajaza maombi ya vyuo. Nilipochungulia nikakuta chuo cha kwanza Uhandisi wa Petroli, cha pili Uhandisi wa Petroli, cha tatu hivyohivyo. Nikamuuliza kwa nini.

"Mjomba, si bomba linakuja kwetu?"

Jibu hilo nimelisikia Ngamiani, Chumbageni mpaka Pongwe, na wazazi wanalisema kuliko hata watoto. Linaeleweka. Tangu marais wa Tanzania na Uganda walipoweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi Chongoleani, hapahapa Tanga, Agosti 2017, kila mwenye mtoto wa sayansi mjini hapa amekuwa na mhandisi wa petroli wa kufikirika. Shida ni kwamba bomba na petroli ni kazi mbili tofauti, na fomu ya chuo haikuonyi.

Tuanze na bomba lenyewe. Mafuta hayako Tanga. Yaligunduliwa Uganda mwaka 2006, ukanda wa Ziwa Albert, na bomba linayachukua kutoka Hoima kuyaleta baharini, kilomita 1,443, ambapo 1,147 ziko upande wetu. Mafuta yale yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda, na hapo ndipo nilipomwonyesha mpwa wangu chupa ya mama yake. Tofauti ni kwamba mafuta ya nazi yanaridhika na jua la kibarazani, lakini ghafi ya Uganda hata joto letu la Februari haliitoshi. Inatakiwa ibaki juu ya nyuzi 50 njia nzima. Kwa hiyo kila kipande cha bomba kinavalishwa povu la kuzuia joto lisipotee, kazi iliyopewa kiwanda cha Sojo, mkoani Tabora, na kuna nyaya za umeme za kulipasha. Vipo vituo sita vya pampu, viwili Uganda na vinne Tanzania. Ajabu nyingine ni hii: kuelekea pwani nchi inashuka sana, mpaka mafuta yanahitaji vituo viwili vya kuyapunguzia msukumo yasije yakafika na nguvu ya kupasua. Mwisho wa safari ni Chongoleani, matenki manne ya mapipa 500,000 kila moja, na gati la kupakilia meli.

Sasa hesabu mafundi. Pampu ni za mhandisi mitambo. Nyaya za kupashia na umeme wa vituo ni za mhandisi umeme. Mita, valvu na vyumba vya kuongozea vina watu wao wa otomesheni. Kutu, ambayo kwa upepo huu wa chumvi ni adui wa kila siku, inamtaka mtu wa kemia. Matenki na gati yana wahandisi ujenzi. Wachomeleaji usiwasahau, maana mchomeleaji mwenye cheti cha kuchomelea mabomba ya msukumo mkubwa anaweza kumzidi mwenye digrii kwa mshahara, nami sisemi hivyo kwa mzaha. Katika orodha hiyo mhandisi wa petroli yuko wapi? Yupo, lakini ni mmojammoja.

Kwa sababu mhandisi wa petroli ni mtu wa chini ya ardhi.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, wakidhani mafuta yamelala huko chini kama maji kwenye tangi, unatoboa unavuta. Nyuma ya nyumba yetu kuna kipande cha ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe. Nilimchukua kijana, nikamimina kikombe kizima cha maji juu ya jiwe moja. Maji yakanywewa yakapotea.

"Yameenda wapi?"

"Yameingia kwenye jiwe, mjomba."

"Haya, yatoe."

Akacheka, akaligeuza jiwe, akalitikisa. Halikutoa hata tone.

Shahada nzima ni hiyo. Mafuta na gesi vimo ndani ya vitundu vya mwamba, mara nyingi vidogo kuliko vya jiwe la matumbawe, kina cha kilomita kadhaa. Kuna anayekadiria mwamba umebeba kiasi gani na kiasi gani kitakubali kutoka, maana hakitoki chote. Mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta hubaki humohumo kwenye mwamba. Huyo ndiye mtu wa mwamba-hifadhi, na siku yake inaishia kwenye kompyuta, akiendesha programu kama Petrel au Eclipse. Kuna wa uchorongaji, anayejua uzito wa matope yanayoteremshwa kisimani ili gesi isiruke na kuua watu. Kuna wa uzalishaji, anayekihudumia kisima kikishaanza kutoa, kama tabibu na mgonjwa wa muda mrefu. Serikali huiita sehemu hii mkondo wa juu, na msimamizi wake kwetu ni PURA. Bomba ni mkondo wa kati. Kituo cha kujazia bodaboda ni mkondo wa chini. Hiyo miwili ya mwisho inasimamiwa na EWURA. Ukiona taasisi mbili zimegawana kazi, ujue ni dunia mbili.

Visima viko wapi basi? Kwetu ni gesi zaidi. Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa 1974 ikaanza kuzalisha 2004. Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982 ikaanza 2006. Bahari kuu ya kusini iligunduliwa gesi nyingi sana kuanzia 2010, ambayo mradi wake wa kusindika Lindi umezungumzwa miaka na miaka. Uganda kuna maeneo ya mafuta ya Tilenga na Kingfisher. Kenya, mafuta yalipatikana Turkana 2012. Kwa hiyo kijana wa Tanga anayesoma petroli anajiandaa kuishi Mtwara, Kilwa au Hoima, siyo kurudi jioni kupunga upepo Raskazone. Ni maisha mazuri tu, ila ayachague akijua.

Nikimaliza hapo ndipo huwa tayari kuzungumzia vyuo, na jambo la kwanza ni jina la shahada, kwa sababu limeshaliza watu.

Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha Uhandisi wa Petroli, shahada ya miaka minne. Kenyatta, nje ya Nairobi, nao wanafundisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Jiolojia ya Petroli na Kemia ya Petroli. Makerere tangu 2009 wana shahada ya jiosayansi ya petroli na uzalishaji. Mzazi anasoma neno "petroli" kwenye zote anaona ni kitu kimoja. Mbili za kwanza ni uhandisi. Nyingine ni sayansi, na zinatoa wanajiolojia na wanakemia, watu wanaohitajika sana, pengine kuliko wahandisi kwenye hatua ya utafutaji. Lakini Tanzania huruhusiwi kujiita mhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, na bodi hiyo inataka shahada ya uhandisi inayoitambua. Ukishapata shahada unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, unafanya mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya wahandisi wazoefu, ndipo unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Aliyesoma jiolojia haingii kwenye ngazi hiyo hata kama amekaa kwenye mtambo wa kuchorongea miaka kumi. Namfahamu mmoja aliyegundua hilo mwaka wa tatu wa masomo, na mpaka leo akilizungumza anatikisa kichwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza chuo kipi ni bora, soma jina lote la shahada, herufi kwa herufi, kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka huo. Cha mwaka jana usikiamini. Vigezo hubadilika, na somo moja la nyongeza linatosha kukutupa nje. Kwa anayetoka kidato cha sita, jumla ya pointi nne kwenye masomo mawili ndizo za chini kabisa za kuingia shahada. Uhandisi una masharti yake juu ya hapo, na ushindani unaongeza mengine ambayo hayakuandikwa.

Vyuo vya nje ya nchi vina habari yao. Wapo mawakala wanaozunguka mijini kila Julai na vipeperushi vya rangi, wengi waungwana, wengine la. Kwenda Uganda au Kenya hakuna ubaya wowote. Nchi tatu za mwanzo za Afrika Mashariki zilitiliana saini 2012 kutambuana wahandisi, na marais wa Jumuiya walitangaza 2017 kwamba ukanda huu ni eneo moja la elimu ya juu. Lakini makubaliano ya kutambuana yanamhusu mhandisi aliyekwisha kusajiliwa kwao. Hayamsaidii mwanafunzi aliyesoma kozi ambayo hata bodi ya nchi husika haijaikubali. Hilo liulizwe kwa bodi ya wahandisi ya nchi hiyo, si kwa wakala, wala si kwa afisa udahili wa chuo, ambaye kazi yake ni kukudahili. Upande wetu, kabla ya kuondoka chukua TCU ile barua ya kutokuwa na pingamizi, na ukirudi shahada yako itapelekwa palepale itambuliwe. Kuna familia jirani iliyoruka hatua ya kwanza ili kuwahi muhula. Hatua ya pili iliwachukua muda mrefu kuliko huo muhula waliouwahi.

Mbali zaidi kuna Ghana na Nigeria. Kumasi, Ibadan na Port Harcourt ni majina yanayoheshimika, na Nigeria ina faida moja ambayo hakuna chuo cha kwetu kitakachoipata karibuni: ilipata mafuta Oloibiri mwaka 1956, hivyo mwalimu anaweza kuwa mtu aliyechoronga visima kwa mikono yake. Nauli na umbali vina maneno yao. Mimi ningempeleka mtoto huko kwa shahada ya pili, akiwa ameshakomaa.

Hapo mpwa wangu alitaka nimpe jina la chuo tu, tuachane na hadithi. Nikamwambia tumpigie mtu. Tulimpata kijana wa mwaka wa mwisho kwenye chuo ambacho sitakitaja, mtoto wa rafiki yangu. Mpwa wangu alianza na maswali ya maana yake mwenyewe: hosteli zikoje, bumu la mkopo linatoka lini, mitihani ya sapu ni mingi? Nikamnong'oneza, muulize fildi, yale mafunzo ya vitendo, alienda wapi.

Simu ilikaa kimya kidogo. "Mwaka wa pili nilipata karakana ya magari. Mwaka wa tatu kituo cha mafuta."

Kituo cha mafuta! Wiki nane anateremsha fimbo ya kupimia kwenye tenki la dizeli na kuandika daftarini. Mtaalamu mtarajiwa wa mwamba wa kilomita tatu chini ya ardhi. Simlaumu yeye, na chuo chake nakilaumu nusu tu. Nafasi za kwenda kwenye visima nchi hii ni chache, na kampuni huchukua wanafunzi wachache kwa mwaka. Lakini swali hilo moja linakuambia juu ya chuo kuliko kipeperushi chochote. Chuo chenye watu wake ndani ya TPDC, shirika la petroli la taifa, na kampuni za gesi kitakutajia majina ya sehemu walikoenda wanafunzi mwaka jana. Kisicho nao kitakuambia "mwanafunzi anahimizwa kujitafutia".

Swali lingine nililomfundisha ni la maabara. Usiulize kama ipo, maana ipo. Uliza: wewe mwenyewe umeshika kipande cha mwamba wa kisimani ukapima kinapitisha kiasi gani, au ulimwangalia mtaalamu akipima, au uliona picha? Umechanganya matope ya kuchorongea kwa mkono wako? Ile programu ya kuigiza mwamba, mna leseni yake, au mnapeana kwenye flashi? Na walimu: wangapi wamewahi kufanya kazi kisimani? Nimekutana na wahitimu wazuri wa darasani waliokuwa wanauona mtambo wa kuchorongea kwa mara ya kwanza siku ya usaili. Wenzao wa Uganda walikuwa wameuzoea, si kwa akili zaidi, kwa ukaribu tu na Hoima.

Sasa niseme langu. Mwaka 2013 nilimshauri mpwa wangu mwingine, mkubwa wa huyu, asome petroli. Gesi ya bahari kuu ilikuwa gumzo, pipa la mafuta duniani lilikuwa zaidi ya dola 100, na mimi nilijiona mjomba mwenye maono. Katikati ya 2014 bei ikaanza kuporomoka. Januari 2016 pipa lilikuwa chini ya dola 30, kampuni zinafunga ofisi, na kijana yuko mwaka wa tatu. Alimaliza na GPA nzuri, akakaa nyumbani miaka miwili. Mafuta ndivyo yalivyo: bei hupanda, vijana hujaa darasani, bei inashuka wakiwa wanavaa joho. Hata tarehe za miradi huteleza. Jiwe la msingi lilipowekwa Chongoleani, mafuta yalisemwa yatatiririka 2020.

Leo huyo mkubwa anasimamia pampu za maji kwenye mji mmoja wa bara. Alivyofika huko ndiyo sehemu ninayopenda kuwasimulia wazazi. Kwenye usaili hawakumuuliza habari ya mwamba. Walimuuliza kuhusu msukumo unaopotea kwenye bomba refu, na hilo alilijua usingizini, kwa kuwa mwendo wa vimiminika ni somo la kila mhandisi wa petroli. Tangu hapo natazama kitu kingine kwenye mtaala wa chuo: miaka miwili ya mwanzo ina hesabu, thamodinamiki, mitambo na umeme kiasi gani? Shahada iliyojaa majina ya petroli tangu muhula wa kwanza inapendeza kwenye kipeperushi, lakini inakufungia mlango kampuni zikifunga yao.

Kwa sababu hiyohiyo, mtoto anayesema wazi kwamba anataka kazi ya bomba, tena karibu na nyumbani, mimi namwelekeza mitambo, umeme au uhandisi kemia, Dar es Salaam au Mbeya, kisha petroli aisome shahada ya pili akiipenda. Asiyetaka miaka minne ya hesabu aangalie chuo cha ufundi cha VETA, kipo hapahapa mjini. Waganda walilielewa hili mapema, wakajenga chuo cha mafundi wa petroli Kigumba badala ya kumfanya kila kijana mhandisi.

Kuhusu pesa sina mengi. Mkopo wa kawaida wa Bodi ya Mikopo ni wa vyuo vya ndani, kwa hiyo kwenda nje maana yake familia ibebe yote au upate ufadhili. Piga hesabu ya mihula yote. Wengi hupiga ya mwaka wa kwanza, shangazi anachanga, ami anachanga, mwaka wa tatu michango imekauka na mtoto yuko Nairobi.

Dada yangu alikuwa anasikiliza muda wote huku akichambua mchele. "Kaka, mwanangu umemtoa kwenye petroli?"

Sikumtoa. Nilikuwa nategemea atahamia mitambo, na moyoni nilishampangia. Lakini jioni nilimkuta nyuma ya nyumba ameketi na lile jiwe la matumbawe, amelipasua kwa nyundo, anaangalia vitundu vyake kwa tochi ya simu. Akaniuliza kama maji yangesukumwa kwa upande wa pili, tuseme kwa pampu ya baiskeli, yale ya kwanza yangetoka? Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyofanya kwenye visima vilivyochoka, wanaingiza maji kwenye kisima kimoja ili mafuta yatokee kingine.

Petroli ya Dodoma ameiacha pale juu. Chuo cha pili na cha tatu amebadilisha, ameweka mitambo. Pampu ya baiskeli ameiharibu, na mwenye baiskeli bado hajajua.